Mgonjwa wa Saa Nne na Robo

Kila siku saa tisa, kengele ya shule ikishalia, Kiherehere hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akaingia lango la chuo kikuu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya jengo la sheria. Huko ndiko mama yake alikofanya kazi ya usafi. Alikaa kwenye benchi la korido, miguu juu kwa sababu sakafu ilikuwa bado mbichi, akamsubiri mama amalize kudeki.

Kusema alikaa ni kumsingizia. Alianza kona hii ya benchi, akahamia ile, akachungulia dirishani, akarudi kulikalia daftari lake la hisabati. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake halisi liliandikwa kwenye rejesta ya shule, lakini nyumbani walimwita Kiherehere, naye aliitika bila kununa.

Mbele ya benchi palikuwa na mlango wa mshauri wa masomo, mwalimu aliyewasaidia wanafunzi wa sheria waliokwama. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye mistari, na kando yake penseli ilining'inia kwa uzi. Aliyetaka msaada aliandika jina lake na saa yake, akapewa robo saa. Lakini mistari mingi ilibaki mitupu. Kiherehere aliwaona wanafunzi wakija, wakitazama kushoto na kulia, wakijifanya wanasoma tangazo jingine, halafu wakiondoka zao.

Jumanne hiyo walikuja wawili. Mmoja alikuwa mrefu, aliyevaa tai kila siku, hata jua likiwaka vipi. Kiherehere alikuwa ameshampa jina: Bwana Tai.

"Hebu tuone wagonjwa wa wiki hii," Bwana Tai alisema, akiinamia karatasi. "Jumatano hakuna. Alhamisi saa nne na robo... Haa! Huyu si yule anayekaa mstari wa mbele?"

"Yule ambaye mama yake anadeki hapa?" mwenzake aliuliza.

"Huyo huyo. Kumbe na kichwa chake kinataka kudekiwa!"

Walicheka mpaka wakapotelea ngazini. Mama alikuwa mwisho wa korido akikamua tambara, hakusikia kitu. Kiherehere alisikia yote. Masikio yalimwaka moto. Jina lile lilikuwa la dada yake, aliyesomea sheria hapo hapo.

Aliinuka. Penseli ya mlangoni ilikuwa na kifutio nyuma. Alisugua, akapuliza, akasugua tena, hadi mstari wa Alhamisi saa nne na robo ukawa mweupe kabisa. Alirudi kwenye benchi kifua mbele, kama mtu aliyemtoa ndugu yake katikati ya ugomvi.

Jioni, nyumbani, dada alikuwa mezani na vitabu vyake. Alikuwa mwaka wa pili. Alikuwa ameanguka somo moja tu, sheria ya mikataba, na mtihani wa marudio ulikuwa karibu.

"Leo huli?" mama alimuuliza.

"Nitakula, mama. Nangoja Alhamisi ipite. Mshauri lazima anisainie fomu ya marudio. Mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa saa kumi. Bila sahihi yake sifanyi mtihani, na nisipofanya mtihani, mwaka mzima umekwenda na maji."

"Si umeshaandika jina?"

"Nimeandika. Siku tatu nilizunguka mlango ule kama mwizi, mama. Nikaona basi, liwalo na liwe."

Kiherehere alibaki na tonge mkononi. Mwaka mzima? Hakujua habari ya fomu wala sahihi. Alifungua mdomo. Dada alimtazama. "Na wewe vipi? Leo umemeza kufuli?"

"Hamna kitu," Kiherehere alisema.

Alijiambia kesho atapitia mlangoni aliandike jina upya. Jumatano alifika mbio, akashika penseli, kisha akaiachia. Kwenye Alhamisi saa nne na robo palikuwa na jina la mtu mwingine, kwa mwandiko mkubwa wa kulala. Alibaki anaruka mguu huu na ule mbele ya mlango hadi mama akamwita, "Wewe, unataka kwenda chooni?"

Alhamisi alimkuta dada nyumbani mapema. Vitabu vya sheria vilikuwa ndani ya boksi, na boksi limefungwa kamba.

"Wamenifuta," dada alisema. Hakulia, na hilo ndilo lililotisha zaidi. "Nimefika, jina langu halipo, mtu mwingine yuko ndani. Mshauri ameona sifai hata kwa robo saa."

"Gonga tena, mwanangu," mama alisema.

"Nigonge niseme nini? Ameshanijibu."

Mama alishusha pumzi. "Hizo ofisi za watu. Sisi tunadeki tu."

Usiku ule Kiherehere alijigeuza kitandani mpaka shuka likawa kamba. Shuleni Ijumaa mwalimu wa hisabati alimwita mara mbili bila kusikika. Kengele ya saa tisa ilipolia alikuwa ameshavaa begi. Alivuka barabara, akapanda ngazi mbili mbili, akakanyaga sakafu mbichi.

"Sakafu yangu!" mama alipiga kelele. "Na unakwenda wapi huko?"

Kiherehere alikuwa ameshagonga mlango wa mshauri.

"Ingia." Mshauri alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni, mezani kikombe cha chai kilichopoa zamani.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye niliyemfuta dada yangu."

"Marahaba. Umemfuta vipi?"

Maneno yalimtoka kama maji ya ndoo iliyopinduka: Bwana Tai, wagonjwa, kifutio, boksi lenye kamba, fomu. Nyuma yake mama alikuwa amesimama mlangoni na dekio mkononi.

"Kumbe ni wewe!" mama alisema. "Na jana ukanitazama ninavyosema hizo ofisi za watu!"

"Nilitaka wasimcheke, mama."

Mshauri alitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini. "Nilikuwa na jina lake kwenye orodha ya walioanguka. Hakutokea, nikadhani ameamua kuacha. Namba yake ya simu unayo, mama?" Mama alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Mshauri akamgeukia Kiherehere. "Nasikia unajua kukimbia."

Alikimbia. Nyumbani alisema yote tena, bila kupumua. Dada alisimama, akamnyooshea kidole. "Wewe! Wewe! Tutaonana baadaye!" Kisha akang'ata kamba ya boksi, ikakatika, akachomoa fomu na karatasi ya mtihani wake. Walirudi wote wawili wakihema, dada na kandambili zake za nyumbani.

Saa kumi kasoro robo walikuwa mbele ya mshauri. Alisaini fomu kwanza, akampa mama. "Ofisi ya mitihani ipo chini. Peleka, tafadhali, huyu nina maneno naye." Mama aliliegemeza dekio ukutani, akashuka ngazi kama msichana.

Mshauri akafungua karatasi ya mtihani. "Swali hili linahusu fundi aliyeuziwa cherehani mbovu. Umeandika kurasa nne. Nionyeshe fundi yuko wapi."

Dada alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hayumo."

"Hayumo! Umeniandikia kila unachokijua kuhusu mikataba, na fundi wa watu bado yuko dukani na cherehani yake."

"Ni kama mtu aseme bomba linavuja," Kiherehere alidakia, "halafu fundi bomba amweleze mabomba yote ya mji."

Dada alimkata jicho, lakini mshauri alicheka. "Mdogo wako ameelewa. Hujashindwa kusoma wewe. Unasoma sana, ila humwangalii mwenye shida. Jumatatu saa nne uje, tuanze na huyu fundi."

Walipotoka, kwenye benchi alikuwa amekaa Bwana Tai akisubiri zamu yake. Tai yake ilikuwa mfukoni. Alimwona dada, akasimama.

"Samahani," alisema. "Alhamisi saa nne na robo. Nafasi niliikuta tupu, nikaandika jina langu jioni, watu walipoondoka."

"Basi mgonjwa wa saa nne na robo ni wewe!" Kiherehere alisema.

Bwana Tai alitazama viatu vyake. "Ni mimi. Mikataba imeniangusha pia."

Mama alirudi akipunga mkono juu: fomu imepokelewa, zilibaki dakika sita. Mshauri alisimama mlangoni, akawatazama wote wanne.

"Sikilizeni," alisema. "Huyu alificha shida yake kwa kuwacheka wenzake. Huyu aliona aibu, akafungasha vitabu bila kuuliza. Na huyu mdogo alimfutia dada yake jina kwa mapenzi, akakaribia kumpotezea mwaka. Kuomba kufundishwa si ugonjwa. Ndiyo kazi ya mwanafunzi. Na wewe binti, ukimkosea mtu, hata kama nia yako ilikuwa njema, mwambie siku ile ile. Ungesema Jumanne, leo tusingekimbizana."

"Ndiyo, mwalimu."

"Halafu hilo daftari la hisabati unalolikalia kila siku kwenye benchi langu, unadhani silioni?"

Kiherehere aliona haya. Lilikuwa la hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, na kila ukurasa ulijaa wino mwekundu.

Dada alifanya marudio, akafaulu. Safari hii aliandika kurasa mbili tu, na fundi alikuwemo kuanzia mstari wa kwanza. Penseli ya mlangoni iliondolewa, ikafungwa kalamu ya wino isiyofutika. Mistari ikaanza kujaa. Bwana Tai aliandika jina lake mchana kweupe, na tai shingoni.

Na Jumatatu moja, kwenye nafasi ya saa tisa na nusu, kulikuwa na mwandiko wa kitoto uliopanda mlima: Kiherehere, sehemu.