Mwenye Jiko wa Balnacreag

Ilianza na harufu ya maziwa yaliyoungua, tena sebuleni, ambako hakupikwi kitu. Bibi Grizel alifungua madirisha. Baridi ikaingia, harufu isitoke. Kisha moto ukazimika wenyewe, majivu yamelowa.

"Dohani inavuja, mke wangu," akacheka mumewe, Bwana Ludovick. Akili yake yote ilikuwa kwenye kiti cha Bunge. Ili akipate, aliwagawia rafiki zake ardhi ya Bonde la Balnacreag, kila mmoja apate haki ya kumpigia kura, kwani siku hizo wenye ardhi tu ndio waliopiga kura, na wakulima wa humo akawafukuza bila haya.

Mwana wao Sholto, mtoto wa kunyonya, akaanza kupoa mwili kama maiti. Maziwa ya yaya aliyemnyonyesha yakakauka, na chini ya kitanda cha mtoto kukasikika kitu kikilamba, kikilamba.

Grizel akamwita mganga Marsali, naye mmoja wa waliofukuzwa.

"Leo mmenikumbuka? Juzi nilikuwa taka za kufagiwa."

"Mama, nakusihi. Mwanangu anakufa."

Marsali akamgeukia Ludovick. "Tarishi uliyemtuma kunifukuza aliuzimaje moto wangu?"

"Kama wanavyozima siku zote. Kwa maji."

"Kisima kilikuwa mbali, akaona uvivu. Akamwaga bakuli la maziwa lililokuwa jikoni. Ya Mwenye Jiko hayo, bwana, pepo anayeishi ndani ya moto wetu! Kila jioni tulimwekea, tukafukia makaa, asubuhi tukayafukua. Moto ule haukuzimika tangu enzi za bibi zetu. Umemzimia nyumba yake kwa chakula chake mwenyewe."

"Nitauwasha tena palepale!"

"Moto mpya haumjui."

"Basi anataka nini?" Grizel akanong'ona.

Marsali alikitazama kitanda cha mtoto, akajifunga shuka yake, akaondoka.

Ludovick alikwenda kwenye uchaguzi, akashinda, na aliporudi huku rafiki zake wakishangilia uani alimkuta Sholto amechangamka, mashavu mekundu, akamnyanyua kwa furaha, akapiga ukelele na kumrudisha haraka, kwa maana mtoto alikuwa wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na kinywani mwake, badala ya ulimi, kaa lilikuwa likiwaka.

Ludovick ni mheshimiwa sasa, yuko London, harudi. Grizel ndiye anayeweka bakuli la maziwa kando ya kitanda cha mtoto kila jioni. Hathubutu kusahau, kwani Sholto bado yumo ndani ya mwili ule ambao Mwenye Jiko ameufanya nyumba yake, na mara nyingine, kabla ya kile kitu kuanza kulamba, humsikia akimwita mama.