Nikisema Basi, Usinisikilize

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, hema la tatu kutoka kwenye mstari lilikuwa limeshafungwa kamba zake zote nne. Ndani yake kulikuwa na meza ya kukunja, kiti kimoja, chupa mbili za chai, viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, jozi tisa za soksi na daftari. Mwanamke aliyepanga vitu hivyo ni karani wa mahakama. Mumewe, fundi friji, alikuwa amelala chali kwenye nyasi, macho ameyafumba, viganja juu ya tumbo. Umande ulikuwa haujakauka. Wakimbiaji wenzake kumi na wanane walikuwa wakinong'ona na kufunga kamba za viatu. Karani alikuwa hajawahi kumwona mumewe ametulia kiasi kile.

Ilipobaki dakika tatu, mwenye kiwanja alipuliza firimbi mara tatu, na utulivu ukaishia hapo.

Ndugu zangu, huenda mbio hizi hamzijui. Zinaitwa mbio za uani kwa sababu huanzia na kuishia nyuma ya nyumba ya mtu. Hizi, nyuma ya nyumba ya mpima ardhi mstaafu, ambaye ndiye mwenye kiwanja. Mzunguko mmoja ni kilomita sita na mita mia saba: unapita kando ya machimbo ya kokoto, unakata msitu mdogo wa mikalatusi, unazunguka kituo cha kusukuma maji, unarudi. Kila saa inapotimia kengele hulia na wote huondoka pamoja. Ukirudi dakika ya hamsini, una dakika kumi za kula, kubadili soksi na kufumba macho. Kengele ikilia hujasimama kwenye mstari, umetoka. Hakuna umbali uliopangwa. Mbio huisha anapobaki mtu mmoja, akamaliza mzunguko mmoja peke yake. Wengine wote, hata yule wa pili, huandikwa "hakumaliza". Na huyo wa mwisho akishindwa kuumaliza mzunguko wake, hakuna mshindi.

"Sasa fundi," jirani yao wa ukuta mmoja alimwambia siku moja, "unakimbia kilomita mia unarudi palepale ulipoanzia. Si ungebaki tu ukanitengenezea friji yangu?"

"Friji yako inasubiri, jirani. Kengele haisubiri."

Wakimbiaji wenzake walimwita Pasi, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa bapa kama pasi ya nguo: dakika hamsini na moja mzunguko wa kwanza, hamsini na moja wa kumi na tano. Milimani alitembea hata akiwa na nguvu za kukimbia. Alikula kabla ya kusikia njaa. Hakuhesabu mizunguko. "Akili ukiionyesha njia yote inakaa chini," alipenda kusema. "Ipe saa moja tu. Saa moja kila mtu anaiweza." Mbinu hizo ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na karatasi.

Fundi alikuwa ameshika nafasi ya pili mara nne, na mara zote nne aliacha mbio akiwa kwenye kiti, si njiani. Akapiga hesabu yake: udhaifu unamjia akishakaa, tena mbele ya mtu anayempenda. Basi akachapa kanuni sita kwenye karatasi moja, akaiweka mezani baada ya chakula cha jioni, na kalamu juu yake.

"Ya nne isome kwa sauti," alimwambia mkewe.

"'Nikisema basi, usinisikilize.'" Karani aliinua macho. "Hata ukilia?"

"Hasa nikilia. Nitalia, nitadanganya, nitakuambia naumwa. Huyo atakayesema si mimi. Ni uchovu umevaa sura yangu."

"Na hii ya tano? 'Maneno ya mpinzani ni mbinu.' Unamsema Shangazi?"

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa nesi wa wodi ya wanaume, mama wa miaka hamsini na miwili, na ndiye aliyemshinda fundi mara zote nne.

"Yule mama ana mdomo mtamu," alisema fundi. "Mwaka juzi alinisifia viatu mpaka nikaanza kuhisi vinanibana."

Karani alicheka, akatia sahihi. Fundi naye akatia.

"Wewe nakuamini," alisema. "Ulichotia sahihi hukivunji."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuandika wanachosema wengine, bila kuongeza neno na bila kuamua nani ana haki.

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji na haikukaa hapo bure. Mtu akilalamika ndani ya nyumba ile, fundi aliigonga kwa kidole na kusema, "Malizia saa hii kwanza." Alisema kwa utani, na wote walicheka. Halafu mwezi Machi mwalimu alimpigia simu karani. Binti yao wa miaka kumi alikuwa akitokwa usaha sikioni darasani.

"Limeanza kuuma lini?" karani alimuuliza mtoto wakiwa foleni ya kumwona daktari.

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Siku nane. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa namalizia wiki."

Sikio lilipona. Karatasi ilibaki mlangoni. Ewe msomaji, hapo ndipo ilipotakiwa kuondolewa.

Turudi kiwanjani. Jumamosi ile ilipita kama ilivyopangwa. Fundi aliingia hemani, akala, akafumba macho dakika nne, akatoka. Karani aliandika kila alichokiona: muda wa kuingia, alichokula, alichokunywa, vidonge vya maumivu alivyoomba. Mizunguko ya kumi na mbili, kumi na sita, ishirini na ishirini na nne ina maneno hayohayo, "vidonge viwili". Usiku ulipoisha, wakimbiaji kumi na mmoja walikuwa wamekunja mahema yao. Saa moja asubuhi ya Jumapili walibaki watatu. Saa mbili walibaki wawili, fundi na Shangazi.

Hili ni daftari lenyewe, mwandiko wa karani, ulionyooka kama wa kitabu cha mahakama:

"Mzunguko wa 21. Dk. 53. Chai nusu kikombe. Hajakojoa tangu wa 17.

"Wa 24. Dk. 54. Kiazi kimetapikwa. Vidonge viwili.

"Wa 26. Dk. 55. Anasema mkojo ni wa kahawia. Mapaja yamevimba, magumu kuyabonyeza."

Baada ya mstari huo amechora mstari mwingine kwa rula, kama anavyofanya ofisini shauri likifika mwisho wa ukurasa.

Saa tatu kasoro dakika nane Shangazi alirudi kutoka mzunguko wa ishirini na saba. Hakwenda kwenye hema lake. Alikuja moja kwa moja kwenye hema la tatu, jasho limemkaukia usoni likawa chumvi.

"Mwanangu," alisema, "mumeo amesimama kwenye mikalatusi kukojoa. Nimepita pale. Ile si rangi ya mkojo, ile ni rangi ya kahawa nyeusi. Msuli ukichakaa unamwaga uchafu wake kwenye damu, na figo zinaziba. Nimewaona wodini. Asitoke tena."

Karani alimtazama. Aliogopa, na alijua hofu hiyo ina sababu. Lakini macho yalishakwenda kwenye nakala ya karatasi ile, iliyobandikwa kwa gundi kwenye nguzo ya hema. Kanuni ya tano.

"Asante, Shangazi," alisema. "Kapumzike."

"Unadhani nakuchezea akili."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini macho yako yamesema." Shangazi alivuta pumzi. "Haya. Tumuulize yeye."

Fundi aliingia saa tatu kasoro dakika nne. Alishika nguzo kwanza, kisha kiti, kisha akakaa kwa mkupuo kama mzigo ulioachiwa. Firimbi tatu zikalia kabla hajameza funda la kwanza.

"Basi," alisema.

Karani aliendelea kumvisha soksi kavu.

"Mke wangu. Nimesema basi. Mgongo unawaka huku chini. Safari hii ni kweli."

"Nilijua utasema hivyo."

"Ni kweli."

"Uliandika kwamba utasema hivyo." Alimalizia soksi ya pili. "Uliandika kwamba utasema ni kweli. Simama."

Firimbi mbili.

Shangazi akakaa chini kwenye nyasi, pale pale mlangoni mwa hema, akanyoosha miguu. "Mimi nimekaa," alisema. "Kengele ikilia itanikuta nimekaa. Pasi, huna wa kushindana naye. Kaa na wewe. Tutaandikwa hatukumaliza, mimi na wewe, tukalale."

Shangazi alitoa alichokuwa nacho, nafasi ya kushinda mara ya tano, ili mtu mwingine apate ruhusa ya kukaa. Karani alisikia kitu kingine. Alisikia kwamba umebaki mzunguko mmoja. Baada ya kuwa wa pili mara nne, baada ya Jumapili zote za mazoezi, umebaki mmoja, na kazi aliyopewa ni moja tu.

Firimbi moja.

Alipitisha mikono chini ya makwapa ya mumewe akamnyanyua. Fundi hakupinga. Alimtazama kwa namna ambayo karani hajaweza kuielezea kwa mtu, akatembea mpaka mstarini. Kengele ililia saa tatu kamili. Aliondoka peke yake. Alipokwisha kupiga hatua kama ishirini hivi, Shangazi aliinuka, akaibandua namba yake kifuani, akamfuata.

Dakika ya arobaini na mbili Shangazi alimpigia simu mwenye kiwanja. Fundi alikuwa ameketi kando ya kituo cha kusukuma maji, mgongo ukutani. Shangazi alimuuliza leo siku gani, akajibu, "Kengele." Walikwenda na gari la mwenye kiwanja. Karani aliposhuka, Shangazi hakumlaumu.

"Daftari unalo?" aliuliza.

"Ninalo."

"Lilete. Daktari atalihitaji."

Daktari wa zamu hospitalini alilisoma lote akiwa amesimama, maji ya mshipa yakiwa yameshaanza kumwingia fundi. Alirudia ukurasa wa mwisho mara mbili.

"Umeandika vizuri mno," alisema. "Saa ambayo mkojo ulikoma, vidonge, kutapika, mapaja. Kila kitu kipo hapa. Sasa niambie, nani alikuwa anasoma?"

Daktari hakusubiri jibu. Misuli ilikuwa imevunjika, maji mwilini yalikuwa hayatoshi, vidonge vya maumivu vilikuwa vimezidisha mzigo, na figo zote mbili zilikuwa zimesimama. Jumatatu fundi aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Katika orodha ya mwenye kiwanja, wote kumi na tisa wameandikwa "hakumaliza".

Binti aliletwa siku ya nne. Alisimama kando ya kitanda, akatazama mirija, akamvuta mama yake pembeni.

"Mama, alisema anaumwa?"

"Alisema."

"Ukamwambiaje?"

Mtoto aligusa sikio lake, labda bila kujua, akarudi kukaa kitandani kwa baba yake. Jioni hiyo karatasi ya mlango wa friji iliondolewa. Gundi iliacha alama nne.

Funzo

Sisemi watu wasikimbie. Kwenda taratibu, kula kabla ya njaa na kugawa kazi kubwa katika saa ndogo ni mambo yenye faida hata kwa asiyevaa viatu vya mbio. Nasema hivi: anayejaribu uvumilivu wake anahitaji karibu yake mtu mwenye ruhusa ya kumzuia, na ruhusa hiyo haifutwi kwa sahihi. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawa, mbio zimekwisha, hata ubaki mzunguko mmoja. Vidonge vya maumivu haviondoi jeraha, vinamnyamazisha shahidi.

Na kwa ninyi mnaoishi na watu wa namna hii, au ambao ni watu wa namna hii: msiwazoeshe wa nyumbani kwamba kusema "naumwa" ni kushindwa. Mtoto atazoea kwanza, maana watoto hujifunza haraka. Kisha atazoea mwenzako. Siku utakapomhitaji akusikilize, atakuwa ametimiza ulichomfundisha. Ukitoa ahadi ya kutomsikiliza mtu, ivunje mapema. Atakasirika, na atakasirika akiwa hai.

Kosa halikuwa la mtu mmoja. Fundi aliandika, karani akatia sahihi, na sisi majirani tuliiona karatasi ile kila tulipofuata maji ya baridi, tukacheka.

Karani alirudi kazini wiki ya pili, akawa anapitia wodini asubuhi kabla ya mahakama kufunguliwa. Daftari lilelile limeendelea. Kurasa za wodini zimefuata zile za mbio. Siku ya kumi na tisa, saa moja na robo asubuhi, fundi aliomba chombo cha kukojolea, mara ya kwanza tangu alazwe. Nesi alikipima kilichotoka, akasema mililita sitini. Rangi ilikuwa ya chai nyepesi. Karani aliandika, kisha akamsomea mumewe alichoandika.