Salamu Yenye Ndoana

Mzee Zahran wa Pujini ni mtu wa salamu. Akienda dukani kununua kiberiti, hurudi baada ya saa nzima, kwa kuwa njiani ameuliza hali za wagonjwa wote wa kijiji. Salamu ikitolewa, husema, ni wajibu kuijibu.

Mwezi ule nyumba yake ilikuwa ikingoja baruapepe moja tu. Binti yake, Nihal, alikuwa ameomba ufadhili wa kusomea uuguzi, baada ya kukosa mwaka uliotangulia. Simu nzuri ilikuwa ya baba, kwa hiyo na anuani ya baruapepe ilikuwa ya baba. Kila siku baada ya sala ya alasiri Mzee Zahran alivaa miwani akatazama. Nihal alijifanya anachagua mchele, lakini mawe aliyaacha mle mle.

Jumatano moja barua ikaja. Ilianza na Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ilisema Nihal amepata nafasi, ila lazima athibitishe ndani ya saa mbili. Abonyeze palipoandikwa "Thibitisha", kisha aandike neno la siri la baruapepe yake. Akichelewa, nafasi atapewa mwengine.

Nihal alikuwa amekwenda kuteka maji. Mzee Zahran hakumngoja. Mtu aliyemwombea rehema za Mungu atamshuku vipi? Alijibu salamu yote kwa ukamilifu, akabonyeza, akaandika neno la siri.

Nihal aliporudi alimkuta baba yake anacheka peke yake. Aliisoma ile barua, akaingiwa na hofu. Alimshika baba mkono, wakaenda moja kwa moja kwa jirani yao Bi Nadhira, anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Chake Chake.

Bi Nadhira hakuwagombeza. Alimwambia Nihal abadilishe neno la siri pale pale. Kisha wakatazama simu na kompyuta zilizoingia kwenye baruapepe ile. Moja hawakuijua, nayo iliingia dakika ishirini tu zilizopita. Wakaitoa. Bi Nadhira akaeleza kuwa mtu yule angeweza kuipata barua ya kweli kabla yao, akaifuta, na wao wasijue kamwe.

Mzee Zahran aliinama. "Miye n'shamharibia mwanangu," alisema.

"Hujamharibia, Ami. Umekuja mapema. Wengi huona haya wakanyamaza, na mwizi ndivyo anavyotaka," alijibu Bi Nadhira.

"Lakini kanitolea salamu."

"Salamu iitikie kwa mdomo, barua usiijibu. Mtu anokuharakisha na anotaka neno lako la siri, huyo mwizi, hata akikusomea khitma."

Akawaonyesha anuani ya mtumaji. Ilifanana na ile iliyokuwa kwenye fomu ya Nihal, lakini mwisho wake ulikuwa mwengine. Akaweka pia ulinzi wa hatua mbili. Tangu hapo, mtu akitaka kuingia kwa simu ngeni, namba hutumwa kwanza kwenye simu ya Mzee Zahran. Namba hiyo, alimsisitizia, asimpe mtu yeyote, hata akijiita ofisi.

Siku tisa zilipita. Ikaja barua nyengine ya ufadhili, kavu, haina salamu hata moja. Mzee Zahran hakubonyeza kitu. Alimwita Nihal, wakalinganisha anuani na ile ya fomu, herufi kwa herufi. Kisha akapiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye fomu, si ile iliyokuwa kwenye barua. Mwanamke alipokea, akauliza jina kamili la mwombaji, akatafuta kwenye orodha.

Nihal alisimama mlangoni na ungo wake. Alimwona baba yake akivua miwani na kufuta macho.

"Zungumza nao weye, mwanangu," alisema, akimpa simu. "Wauliza utaripoti chuoni siku gani."