Hélène na Kikombe cha Maziwa

"Mama Mukantabana, huyu mutoto wa watu munamukulisha nini?"

Aliyeuliza ni Godelieve, jirani wa upande wa juu. Ilikuwa asubuhi, na Mama Mukantabana alikuwa akikamua ng'ombe wake kama kila siku. Hakugeuka.

"Anakula tunachokula sisi wote," alijibu. "Na maziwa, asubuhi na jioni."

"Mbona anakonda? Tumbo inafura, miguu inabaki vijiti." Godelieve alisema hayo kwa sauti ya chini, kisha akaenda shambani kwake.

Mama Mukantabana aliendelea kukamua. Alijua swali la namna hiyo linaelekea wapi. Katika milima ya Masisi, mgeni akikonda ndani ya nyumba ya watu, wengi hawatafuti ugonjwa. Wanatafuta sumu, na aliyeitia.

Mtoto aliyesemwa aliitwa Hélène, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, rafiki wa marehemu mume wa Mama Mukantabana, alimleta kutoka Itebero, katika misitu ya Walikale, ili asome. Walipoagana alimwambia neno moja tu: "Kwa watu, usikatae unachopewa."

Hélène alikuwa na mbio. Mwalimu Gakwaya alimchagua, pamoja na Mamy, binti wa Mama Mukantabana, washindane katika mbio za shule mwishoni mwa Novemba. Akawaambia, "Mukimbiaji wa Masisi, nguvu yake iko ndani ya maziwa. Kikombe kikubwa asubuhi, kingine mbele ya mazoezi."

Mamy alikunywa akanawiri. Hélène alikunywa, na kila alipomaliza tumbo lilinguruma, likajaa hewa, likamkata. Alikimbilia choo kilichokuwa nyuma ya migomba, akarudi ameshika ukuta.

"Wewe, choo njo rafiki yako kuliko mimi," Mamy alimtania.

"Ni baridi tu."

"Baridi gani inajua saa ya maziwa?"

Hélène alicheka kidogo. Katika nyumba ya wenye ng'ombe, kukataa maziwa ni kama kuwakataa wenyewe. Mama Mukantabana alipomuuliza, "Binti yangu, uko muzima?" alijibu, "Niko muzima, Mama." Na Mama, akidhani mbio zinammaliza nguvu, akamjazia kikombe zaidi.

Siku zilivyopita, maneno yalishuka kilima. Wanawake wawili waliozoea kununua maziwa ya Mama Mukantabana waliyamwaga kando ya barabara, mbele ya macho yake. Kanisani, benchi lake lilibaki na nafasi. Shuleni, wasichana waliacha kumpa Hélène mkono. Siku ya Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, jiwe lilianguka juu ya mabati ya nyumba yao. Mama Mukantabana akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kugawa maharage.

Ijumaa, Hélène alianguka uwanjani, wakambeba hadi nyumbani. Mwalimu Gakwaya alipanda pikipiki kwenda kumwita muuguzi. Kabla hajarudi, Godelieve aliingia uani na mtu aitwaye Bisengimana, anayesifiwa kwa kutapisha sumu. Alishika chupa ya maji meusi ya mizizi. Nyuma yao watu walijaa uani.

"Akunywe, atapike," Bisengimana alisema. "Kisha tutajua nani alimupa."

"Mutoto hana nguvu hata ya kukaa." Mama Mukantabana alisimama mlangoni. "Hapiti mutu hapa."

"Unaogopa nini, Mama?" Godelieve aliuliza polepole.

Kutoka kitandani Hélène aliiona ile chupa, akawaona vijana wawili wakiokota mawe kando ya zizi. Alitaka kusema. Midomo ilikuwa imekauka.

Ndipo Mama Umutoni, muuguzi wa kituo cha afya, alipopenya katikati ya watu. Alimtazama mtoto macho na ulimi, akamvuta ngozi ya mkono kidogo. Ngozi ilichelewa kurudi.

"Huyu amekaukiwa na maji," alisema. "Mukimutapisha leo, kesho mutamuzika. Papa Bisengimana, weka hiyo chupa mbali."

Alimnywesha maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko. Kisha akauliza, "Niambie yote uliyokula na kunywa tangu Jumapili, na kila kitu kilikufanya nini. Usinipe maneno ya kunifurahisha."

Hélène alimtazama Mama Mukantabana, akaanza kulia.

"Ni maziwa. Nikiyakunywa, tumbo inanikata. Jumapili tunafunga mpaka misa iishe, na hapo ninakuwa muzima. Nilisema niko muzima kila siku, lakini nilidanganya. Niliogopa kukataa."

"Munasikia?" Godelieve aliwageukia watu. "Maziwa yake njo sumu."

Mawe yaligongana mikononi mwa vijana. Mama Umutoni aliomba kikombe, akachota kwenye sufuria ileile ya maziwa ya asubuhi, akanywa chote mbele yao.

"Mamy anakunywa haya kila siku," alisema. "Tazameni mashavu yake. Hélène amekulia msituni, ambako hakuna ng'ombe. Tumbo lake halijui kuyasaga. Nipeni wiki moja bila maziwa. Asipopona, mutarudi."

Wakatoka mmoja mmoja, lakini mawe waliondoka nayo.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Muuguzi alikuja mara tatu, akakaa na Hélène akimuuliza amekula nini na amejisikiaje. Wakapata chakula chake: asubuhi ndizi na viazi vitamu, muda wa saa mbili kabla ya kukimbia; baada ya mazoezi yai au karanga, jioni maharage na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, kama kwao Itebero. Walijaribu kipande kidogo cha jibini lililokomaa, ambalo kwa kawaida halichokozi tumbo kama maziwa, tumbo likakaa kimya. Mamy naye hakuachwa: alibaki na maziwa yake, lakini akaamriwa kula mboga alizokuwa akizificha chini ya ugali. Wiki ilipoisha, Hélène alikuwa mzima tena.

"Makosa ni yangu," alisema Mwalimu Gakwaya. "Niliwapimia wote kwa kikombe kimoja."

Siku ya mbio, Hélène alifika wa pili, akiwa amesimama wima. Mamy alikuwa wa tano.

Jioni hiyo majirani walikuja uani, na Godelieve miongoni mwao. Mama Umutoni alisema, "Watoto, chakula cha shambani na cha zizini ni dawa nzuri, lakini kila mwili una lugha yake. Mwili ukisema, usiufunge mdomo kwa aibu. Hélène angesema kweli siku ya kwanza, hakuna jiwe ambalo lingeokotwa. Na sisi wakubwa tujifunze kuuliza kwa kutaka kujua, si kwa kutaka kuhukumu."

Mama Mukantabana akageuka. "Godelieve, mimi nimekusamehe mbele ya Mungu. Lakini kesho twende pamoja pale barabarani, useme mbele ya wale wanawake waliomwaga maziwa yangu kwamba hapa hapakuwa na sumu."

Watu wote walimtazama Godelieve. Alikaza kikwembe chake kiunoni, akapita katikati yao, akatoka bila kuahidi kwenda.