Umechelewa Tena

Kosa lenyewe lilikuwa la kuteleza ulimi tu. Mwalimu wa mazoezi wa kundi la taifa la dansi ya kisasa alikuwa amewaketisha wachezaji wake sakafuni, jasho likiwachuruzika, akiwasomea masahihisho kutoka kwenye daftari. Huyu mabega, yule shingo. Kisha, kwa mazoea ya miaka sita, akasema bila kuinua macho, "Kawia, umechelewa tena."

Kawia alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na walikuwa wamemzika wiki tatu nyuma. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana kila waliporuka, miguu yake ilitua nyuma ya yao kidogo tu. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo sauti ya upole ikajibu kutoka mstari wa nyuma.

"Samahani, dada."

Hakuna aliyethubutu kugeuka.

Tangu siku ile wakawa wanaruka saba, wanatua saba, halafu anatua wa nane. Pengo la Kawia lilikuwa bado wazi. Mwalimu alikataa katakata kumweka mtu pale. Ukumbi ukaanza kunuka dawa ya kuchua misuli aliyozoea kujipaka marehemu, na chini yake harufu ya udongo uliochimbuliwa.

Aliyeumia zaidi ni mchumba wa Kawia, ambaye katika dansi ndiye aliyekuwa akimnyanyua. Sasa alikuwa akifanya zoezi lile kwa mikono mitupu. Adhuhuri moja alimfuata mwalimu mlangoni na kumnong'oneza, "Mwalimu, leo nimebeba mtu." Kila siku mzigo ukazidi, naye akakonda, akabaki mifupa mitupu, mgongo umemvilia damu, na bado akiambiwa apumzike anakataa.

Mama anayefagia ukumbi ndiye aliyemleta shangazi yake, mganga. Bibi huyo hakufukiza chochote. Alisema ni jini, limevaa nyayo za marehemu, na kijana hatamaliza mwezi. "Wewe ndiye uliyemwita, tena kwa sauti ya kazi," alimwambia mwalimu. "Mtoe kwa sauti hiyo hiyo."

Mwalimu alijua anachotakiwa kusema, na moyo ulimuuma. Miaka yote sita hakumsifu mdogo wake hata siku moja, kwa kuogopa kuambiwa anapendelea ndugu.

Wakacheza mara ya mwisho, mchana kweupe, jua limejaa madirishani, na harufu ya udongo ikapanda hadi ikawakaba koo, na mchumba akainua mikono yake mitupu nayo ikatetemeka, mishipa ya shingo ikamtoka, magoti yakaanza kukunjika, na wenzake wakaruka kwa hofu huku wanalia, wakatua, na safari hii mshindo ukawa mmoja tu, wote wanane kwa pamoja.

"Dada," sauti ikauliza, "leo nimewahi?"

Alikuwa amewahi. Mwalimu akamtazama kijana, midomo imeshambadilika rangi.

"Hapana," akasema. "Umechelewa tena. Nafasi yako nimempa mwingine."

Kisha, karibu kabisa na sikio lake, "Sawa, Dadu."

Harufu ikakatika. Kijana akaanguka chini, akavuta pumzi ndefu, na rangi ikaanza kumrudia. Mganga akampigapiga mwalimu begani, akamwambia ameweza, wala asisumbuliwe na maneno aliyoyasikia. Jini halina neno lake lenyewe, alisema. Huokota tu yaliyokwisha kusemwa humo linamokaa, kama humu ukumbini.

"Siku zote?" mwalimu akauliza.

"Siku zote, mwanangu."

Dadu lilikuwa jina la chumbani kwa mama yao, ambalo Kawia alimwitia utotoni, ulimi wake ulipokuwa bado hauwezi kutamka dada. Tangu waingie kazini hawakuwahi kulitaja mbele ya mtu, wala ndani ya ukumbi ule. Mwalimu akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi, na wachezaji wakamwacha alie, wakidhani ni machozi ya nafuu.