Uvimbe Uliodunda Mkononi mwa Gaudensi

Wajukuu, nawategea: kimevimba, si jipu, kinadunda, si moyo. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Kaoze? Haya, nimekwenda Kaoze, nimerudi, sasa sikilizeni.

Enzi za Mwingereza, pale Mpui, Gaudensi alikuwa mkulima wa ulezi. Kiuno kilimsumbua. Mtu mmoja akamchoma sindano ya mshipa, kwenye kikunjo cha mkono. Damu nyekundu iliruka. Baada ya juma moja pakavimba kama yai.

"Nani alikuchoma?" mkewe Klementina aliuliza.

"Mtu tu."

"Mtu tu hana jina? Mbuzi wako humpi mtu tu, mkono unampa."

Klementina, kwa hasira, akatia wembe motoni alipasue lile jipu. Hapo akaingia Fransiska, jirani yao, mkunga wa zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wembe wa nini?"

"Jipu la huyu bwana msiri."

Fransiska akagusa uvimbe, kisha akamnyang'anya wembe.

"Weka kiganja hapa. Unasikia nini?"

"Kinasukumwa juu. Tena na tena."

"Jipu huuma, lakini halisukumi kiganja kila moyo unapopiga. Sindano imetoboa mshipa mkubwa utokao moyoni. Damu inavuja, inajikusanya chini ya ngozi. Ungepasua, angekwisha hapa hapa jikoni."

Klementina akakaa chini. "Tufanye nini?"

"Usikande, usichue, usipasue. Hospitali, leo hii. Damu ikitoka njiani, bonyeza kwa nguvu, wala usiachie."

Wakapanda lori la mchuuzi Muhidin hadi Sumbawanga. Daktari alifunga mkono kwa juu kuzuia damu, akapasua, akashona tundu la mshipa. Naye akauliza, "Nani alikuchoma? Atawatoboa wengine." "Mtu tu," Gaudensi akajibu.

Njia nzima ya kurudi Klementina alimlaani mchomaji. "Nikimjua, nitamvunjia sindano kichwani. Na wewe unayemficha ni mwenzake."

Mkono ukapona. Msimu uliofuata Gaudensi alishika jembe kama zamani. Pale Mpui uvimbe haukuguswa tena kwa wembe mpaka Fransiska auwekee kiganja.

Siku moja binti yao Adela akashikwa na homa.

"Namwita mdogo wangu Theodory," Klementina alisema. "Amefagia zahanati miaka mitatu. Sindano anayo, atamchoma mara moja."

Gaudensi akasimama mlangoni. "Hapana. Mtoto anakwenda zahanati."

"Ndugu yangu unamdharau, mpita njia ukamwamini? Toka mlangoni, Baba Adela."

"Sitoki."

"Kwa nini?"

"Alinisihi nisikuambie, kwa kuwa ile sindano aliiba zahanati. Nami niliona haya, maana unamjivunia." Akakunja mkono, kovu likaonekana. "Aliyenichoma ni Theodory."