Upanga Usiovunjika

Jua lilikuwa linatua nyuma ya kuta za mji wa Meknes nilipotoka kwenda kutafuta kipande cha bomba.

Kipande tu. Kifupi, kinene cha kujaa kwenye mkono wa mtoto. Ilikuwa mkesha wa Ashura, na binti yangu Ghita alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Upanga wa taa alionunuliwa sokoni asubuhi ulivunjika kabla ya adhuhuri. Plastiki ile ilikuwa nyembamba kama ganda la yai.

"Mama, wewe si unafunga nyaya za magari kiwandani?" aliniambia huku akijifuta makamasi. "Basi nifungie upanga. Usiovunjika."

Maneno hayo yaliniingia. Mwaka mzima nilikuwa natoka alfajiri kabla hajaamka na kurudi amechoka kucheza. Aliyemlisha, aliyemsuka nywele, aliyemlaza mchana, ni wifi yangu Mbarka, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeishi chumba cha juu. Mbarka hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo. Mimi nilimshukuru kwa kunitunzia mwanangu. Wallahi, nilimshukuru.

Vitu vingine vyote nilikuwa navyo. Mrija mrefu wa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, niliuokota kwenye taka za ofisi moja. Utepe wa taa ndogo za buluu, ule ambao vijana hupamba nao pikipiki. Betri, swichi, gundi. Kilichokosekana ni mpini.

Duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Vichochoroni wasichana walikuwa wameshaanza kupiga vigoma vyao vya udongo na kuimba. Vijana walikuwa wanalundika matawi na matairi kwa ajili ya moto. Nikarudi mikono mitupu.

Nikafungua mlango wa nyumba yetu. Ndani giza.

Kulikuwa na mtu kwenye ngazi.

"Nilijua utakuta wamefunga," sauti ikasema, chinichini.

Alikuwa Mbarka. Amesimama pale bila taa, amenyoosha mkono. Mkononi ana kipande cha bomba.

"Wifi, umenishtua!"

"Chukua. Upande huu nimeshauziba kwa udongo na nta. Usiuzibue, ndio unaoupa uzito. Upanga bila uzito ni kijiti."

Nikakipokea. Kilikuwa na joto... kama kitu kilichotoka kwapani mwa mtu. Nikadhani amekishika muda mrefu.

"Utautengeneza mwenyewe?" akauliza. "Kwa mkono wako?"

"Nani mwingine? Mdogo wako hata balbu hajui kuibadilisha."

Hakucheka.

Nikakaa chini jikoni, Ghita amenilalia begani. Nilikunja karatasi ya kuokea mikate nikaitia ndani ya mrija, ili mwanga usambae usionekane vidoadoa. Nikapitisha utepe wa taa katikati. Nikalehemu nyaya na kuzifunga kama tunavyozifunga kiwandani, zisikatike hata gari likipinduka. Mrija nikauzamisha ndani kabisa ya mpini, nikajaza gundi, nikazungusha mpira wa tairi la baiskeli ukabana. Nikaupigiza sakafuni. Nikaupigiza ukutani. Haukutetereka.

"Washa, Mama!"

Nikabonyeza. Jiko likageuka buluu. Ghita alipiga kelele za furaha na kunikumbatia shingoni kwa nguvu, hata nikakohoa.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nilikitia mapenzi yangu yote.

Baada ya sala ya Magharibi moto uliwashwa mtaani. Wanawake walikuwa wakipita na kutupa vitu vyao, huyu ubani, yule shabu, mwingine mjusi mkavu aliyefungwa kwenye kitambaa. Ndiyo desturi ya usiku ule. Anayetaka kuomba heri huomba heri, anayetaka kufunga mtu humfunga.

"Mimi nimemtilia mume wangu!" jirani yetu Hniya alipaza sauti. "Mwaka huu atarudi nyumbani kabla supu haijapoa!"

"Atarudi, lakini kwa mke mdogo!" mwingine akamjibu, na watu wakacheka.

Mimi nilisimama upande mmoja wa moto. Mbarka alisimama nyuma yangu, amejitanda mpaka puani. Watoto walikuwa wanaruka moto mmoja mmoja. Zamu ya Ghita ikafika. Akauinua upanga juu, ukang'aa buluu, akakimbia.

Akaruka.

Alipokuwa hewani, vigoma vyote vilinyamaza. Sijui kama vilinyamaza kweli au ni masikio yangu. Moto ukalala chini, kama mbwa aliyeitwa jina lake. Na ule mwanga wa buluu ukawa mweupe... mweupe wa mfupa.

Harufu ya nywele zinazoungua ikanijaa puani.

Kisha vigoma vikarudi. Ghita akatua upande wetu, akageuka, akacheka.

"Mama!"

Nikafungua mikono.

Akanipita.

Akaenda kujitupa kifuani kwa Mbarka. "Mama, umeniona? Umeniona nilivyoruka?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. "Haya, umekwishaniuza?" nikasema. Nikamshika mkono nimvute kwangu.

Akautazama mkono wangu. Akanitazama usoni. Nimetazamwa na watu wengi maishani, wasimamizi, polisi, walinzi wa getini. Hakuna aliyewahi kunitazama kigeni kiasi kile.

"Mama," alimwambia Mbarka kwa kunong'ona. "Huyu mwanamke ananishika. Ni nani?"

Kicheko kikakauka. Hniya akasema "Bismillahi" na kurudi nyuma.

Nilimbeba mwanangu mpaka nyumbani akipiga mateke, akilia kwamba anaibwa. Mume wangu, Bushta, alikuwa anakunywa chai.

"Umemfanya nini mtoto?"

"Muulize dada yako."

Ghita akamkimbilia baba yake. Yeye alimjua vizuri. Jina lake alilijua, na mtaa, na shule. Mimi tu ndiye niliyefutika.

Upanga ulikuwa umeanguka sakafuni, unawaka. Nikaubonyeza uzime. Haukuzima. Nikachomoa betri zote.

Ukaendelea kuwaka.

Mweupe, bila kumeta. Na ulikuwa unatoa sauti ndogo, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Wimbo wa kubembeleza mtoto.

Nikaukamata nikaupigiza kwenye ngazi. Haukuvunjika. Nikaupigiza tena kwenye kizingiti, kwenye jiwe la kusagia, nikaukanyaga, nikaurukia kwa miguu yote miwili. Mikono ilinichubuka. Kila nilipoupiga, nilisikia jinsi nilivyoufunga imara.

"Umerukwa na akili?" Bushta akafoka. "Unapigana na kitu cha kuchezea?"

"Nipe msumeno!"

Alinipa kwa hasira tu. Nikaukata mpini karibu na ile nta. Kitu kikadondoka.

Kitambaa kidogo. Nilikitambua, ni pindo la mtandio wangu mwekundu niliodhani umeliwa na panya. Kimezungushiwa nywele za Ghita. Kimefungwa fundo juu ya fundo, na katikati ya mafundo limetokeza jino lake la kwanza kung'oka.

Mbarka alikuwa mlangoni. Hakukimbia, hakukana. Uso ulimpauka kama majivu.

"Mafundo ni yangu," akasema. "Nilifunga mimi. Nilitaka anipende kidogo tu, Turia. Akienda kulala aniulizie na mimi. Basi. Huu mwanga siujui. Naapa siujui."

"Nani alikupa?"

"Mwanamke mmoja, anakaa nje ya malango, pale penye ukuta uliobomoka. Aliniambia hirizi haitafanya kazi nikiishona mimi. Lazima chombo chake kitengenezwe na mama wa mtoto. Kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa mapenzi."

Nilitaka kumrukia.

"Yafungue," akanong'ona. "Usikate. Usichome. Kilichofungwa kinafunguliwa."

Nikayafungua kwa kucha. Yalipokuwa magumu nikayafungua kwa meno. Kitambaa kilikuwa na ladha ya chumvi na kutu. Kila fundo lilipolegea, mwanga ulififia kidogo, na Ghita, aliyekuwa amekimbilia chumbani, alilia kwa sauti nyingine. Mwanzo kilio cha mtoto anayemwogopa mgeni. Kisha kilio cha mtoto aliyepotea. Kisha...

"Mama?"

Aliniita mimi. Niliijua ile sauti.

Likabaki fundo la mwisho, lile lililoshika jino. Lilikuwa gumu kama kokwa ya tende. Nikalitafuna mpaka ufizi ukatoka damu.

"Basi!" Bushta akasema. "Mtaa mzima uko mlangoni unatusikiliza! Mnanitia aibu, wewe na huyu!"

Akaninyang'anya. Mbarka akapiga yowe. "Bushta, usichome!"

Alishakitupa kwenye jiko la makaa.

Kilitoa mlio. Kitambaa hakilii, lakini kile kililia. Upanga ukazimika papo hapo, na nyumba yote ikanuka maziwa yaliyoungua.

Ghita akaja mbio akanikumbatia. "Mama, kwa nini mdomo wako una damu?" Bushta akakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kazi. "Unaona? Upuuzi mtupu. Kaoshe uso."

Kesho yake niliamka na kwenda nje ya malango. Ukuta haukuwa umebomoka. Ulikuwa mzima, umejaa magugu mpaka juu, na muuza mbegu aliyekaa pale aliniambia hajawahi kuona mwanamke yeyote akifanya biashara upande ule. Nilirudi nimekata tamaa. Nyumbani watoto walikuwa wakimwagiana maji, kama ilivyo desturi ya siku ya Ashura, na Ghita akanimwagia ndoo nzima. Nililowa, nikacheka, nikasema yamekwisha.

Jioni adhana ya Magharibi ikalia. Ghita alikuwa ananipokea bakuli. Mkono ukasita.

Macho yale yakarudi.

Akaweka bakuli chini kwa adabu, akapanda ngazi kwenda kwa Mbarka. Akakaa huko mpaka adhana ya Isha. Kisha akashuka akiruka-ruka, "Mama, chakula kiko wapi?" Hakukumbuka kwamba aliondoka.

Imekuwa hivyo kila siku tangu usiku ule. Kati ya Magharibi na Isha mimi si mtu wake. Tumekwenda kwa masheikh, kwa madaktari, kwa makaburi ya mawalii. Bushta mpaka leo anasema mtoto ana deko, na kwamba mimi ndiye niliyemtia woga. Mbarka alizeeka haraka. Hakunitazama tena machoni, lakini ikifika Magharibi mlango wake aliuacha wazi, na mimi sikuwa na uwezo wa kuufunga. Mwanangu angekwenda kwa nani?

Ghita sasa ni mke wa mtu, anaishi Agadir. Hunipigia simu asubuhi. Ananiita mama, ananitumia picha za mapazia yake. Nimemzoeza hivyo, asubuhi tu. Mwaka jana Mbarka alifariki. Ghita alikuja mazikoni akalia kama anavyoliliwa shangazi mwema, na jioni ilipoingia nilijificha chumbani, nisisikie atakavyolia wakati huo. Niliyasikia yote.

Juzi simu yangu ililia. Nje adhana ya Magharibi ilikuwa ndiyo inamalizika. Nikaona jina lake. Nikasema labda... labda lile fundo la mwisho limefunguka lenyewe.

"Halo? Ghita?"

Pumzi tu. Kisha ile sauti yake laini, yenye adabu.

"Samahani sana, bibi. Namba yako nimeikuta kwenye simu yangu, sijui ni ya nani. Nilikuwa naitafuta namba ya mama yangu nisikie tu ikiita... maana alishafariki."

Nilikaa chini sakafuni.

"Bibi? Uko hapo?"

"Nipo," nikamwambia. "Pole, mwanangu. Alikuwa mtu gani, mama yako?"

Akaanza kunisimulia. Nikamsikiliza mpaka Isha.